Dokumentari ya manusura wa MV Bukoba: tunarekodije bila kuwaumiza watu upya?

kijana_wa_ziwani

Wakuu, salaam.

Tuko watu watano hapa Mwanza. Tunataka kutengeneza dokumentari ya dakika kama 25 kuhusu manusura wa MV Bukoba, meli ya abiria iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Watu sita wameshakubali: wanne walikuwa ndani ya meli, wawili walipoteza ndugu. Hatutaki filamu ya ajali tupu, yaani chuma, maji na hesabu ya maiti. Tunataka ionekane hawa ni akina nani, waliishije baada ya pale, na nani aliwashika mkono mtaani.

Vifaa: kamera moja ya lenzi za kubadilisha, simu mbili nzuri, maiki ya kubana nguoni isiyo na waya, stendi mbili. Taa hatuna. Kompyuta ipo na tunahariri kwa DaVinci Resolve ile ya bure.

Naombeni msaada kwenye haya: namna ya kuwahoji wazee wetu, vibali, na nini kinaharibika zaidi kwenye kurekodi nyumba za kawaida. Pia wawili wanaeleza vizuri zaidi kwa Kihaya kuliko Kiswahili.

---

mama_simulizi

Hongereni, wanangu. Nijibu la mahojiano, maana hapo ndipo filamu za aina hii hufia.

Mara ya kwanza nendeni bila kamera. Siku hiyo ni ya kueleza mradi, kusikia hofu za mhusika na familia yake, kuangalia chumba, na kujua yapi hataki yaguswe. Akianza kusimulia tukio lenyewe, msikilizeni kwa heshima lakini msimchimbe. Mtu akishakueleza yote, siku ya kurekodi atasema "kama nilivyokueleza juzi", na kipande hicho hakina kazi. Wengine hukwepa hilo kwa kutuma mtu mmoja kwenye matembezi na mwingine kwenye kuhoji. Kwa wazee, mimi sikubaliani na njia hiyo. Sura wanayoizoea siku ya kwanza ndiyo ikae mbele yao siku ngumu. Uhai wa simulizi mtaulinda kwa kutouliza mapema.

Mpangilio wa maswali: USC Shoah Foundation, taasisi ya Marekani inayohifadhi simulizi za manusura wa mauaji ya kimbari, iliyoanza 1994 na kurekodi zaidi ya watu 50,000, wakiwemo wa Rwanda, iliwaelekeza wahojaji wake wagawe muda takribani asilimia 20 kwa maisha ya kabla, 60 kwa tukio na 20 kwa maisha ya baadaye. Kwa lengo mlilolitaja, ongezeni kabla na baada. Tukio likichukua robo au theluthi ya mahojiano, linatosha. Anzeni mbali: alizaliwa wapi, safari ile ilikuwa ya nini, alipandia Bukoba au Kemondo, alibeba nini, nani alimsindikiza. Mtazamaji akishajua kwamba mtu alikuwa anapeleka ndizi kwa dada yake Mwanza, hatahitaji kuambiwa kwamba kilichopotea kilikuwa kikubwa.

"Ulijisikiaje" liacheni. Jibu lake ni "vibaya sana" na mnabaki mnatazamana. Ulizeni vitu vinavyoshikika: ulikuwa umekaa upande gani, nani alikuwa karibu, ulisikia nini kwanza, nguo ulizotoka nazo ziko wapi. "Kwa nini" nalo ni hatari, kwa sababu masikioni mwa manusura linasikika kama lawama. "Kwa nini hukumshika mkono" ni swali linaloweza kumlaza mtu macho mwezi mzima. Semeni "nieleze ilikuwaje hapo".

Mwombeni kila mmoja aanze jibu kwa kutaja jambo lenyewe, kwa kuwa sauti ya muulizaji itakatwa. "Ndiyo, ilikuwa hivyo" haisaidii kitu; "Tulipanda jioni, meli imejaa" inasimama yenyewe. Akimaliza sentensi, hesabu polepole hadi tano kabla ya kuuliza jingine. Mara nyingi maneno mazito huja kwenye sekunde ya tatu au ya nne. Na usiitikie "mhm" wala "pole mzee" juu ya sauti yake. Tikisa kichwa tu.

Mkubaliane ishara ya kusimama, kwa mfano kuinua kiganja, na ikitolewa kamera izimwe kweli, aone taa nyekundu imetoka. Zipo dalili za kusimama hata bila ishara: macho yameganda sehemu moja, pumzi fupifupi, mikono inatetemeka, ameanza kusema kana kwamba mambo yanatokea sasa hivi. Hapo mrudisheni chumbani taratibu: mwiteni kwa jina, mpeni maji, muulizeni jambo la leo. Machozi peke yake si dalili ya kukatisha. Muulize, "Tuendelee au tupumzike?" na umwachie yeye.

Dakika 90 kwa siku zinatosha, pumziko katikati. Msimalizie majini. Maswali matatu ya mwisho yawe ya maisha ya sasa: wajukuu, shamba, biashara, kwaya. Kisha kaeni naye nusu saa bila kifaa chochote, na kesho yake mmoja wenu apige simu. Kabla ya yote hayo ongeeni na afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu, mjue mtu akizidiwa anapelekwa wapi. Namba hiyo muwe nayo siku ya kwanza, si siku ya tatizo.

Msirekodi mahojiano tarehe 21 Mei wala wiki hiyo. Makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi waliokufa, siku ya kumbukumbu mnaweza kupiga picha za jumla, kwa ruhusa. Na msimpandishe mtu boti ili "akumbuke". Akitaka mwenyewe kwenda ufukweni, hilo ni lake.

---

fundi_mawimbi

Mama amesema vizuri. Mimi naingia kwenye vifaa, na nitakaa zaidi kwenye sauti kwa sababu picha mnaweza kuifunika kwa picha nyingine, sauti hapana.

Maiki ya kubana iwekwe kifuani, shibiri moja chini ya kidevu. Ikipanda karibu na shingo, kidevu kinazuia sauti; ikishuka, mnaanza kusikia chumba. Adui wenu mkubwa atakuwa nguo. Kanga juu ya gauni, kitenge kilichopigwa wanga, kilemba kinachoning'inia, vyote vinasugua. Bandikeni maiki kwenye ukingo wa nje wa nguo kwa utepe, waya wake ukunjwe kitanzi kidogo na kubandikwa chini yake ili mkono ukivuta nguo mvuto usifike kwenye maiki. Rozari, tasbihi na mkufu ombeni viwekwe pembeni kwa muda. Simu zote chumbani ziwe hali ya ndege, maana maiki nyingi za bei yetu zinatumia masafa ya 2.4 GHz yaleyale ya Wi-Fi. Kipokeo kionane na kitumaji. Mwili wa mtu ukiwa katikati, sauti inakatika.

Zimeni kabisa marekebisho ya sauti ya oto. Watu hawa watanyamaza katikati ya maneno, na ule ukimya ndio uzito wa filamu yenu. Oto ikiona kimya inapandisha sauti yenyewe, matokeo yake friji, feni na jenereta ya jirani vinanguruma pale ambapo mlitaka watu washike pumzi. Pangeni kwa mkono, vilele vifike -12 dB. Kama maiki yenu ina njia ya akiba, yaani inarekodi nakala ya pili ya sauti ileile, iwe chini kwa 6 hadi 10 dB. Mtu anaweza kuongea kwa kunong'ona dakika arobaini halafu akapaza ghafla.

Friji izimwe, na ufunguo wa gari au pikipiki yenu mwuweke ndani ya friji. Hamtaondoka mkaacha samaki wa watu waoze.

Bati: mvua ikianza, simameni. Hakuna programu itakayoondoa mvua ya kwenye bati bila kuharibu sauti ya mtu. Hata bila mvua, mabati hulia tik tik yakipashwa na jua la mchana. Rekodini saa 2 hadi saa 4 na nusu asubuhi. Siku ya matembezi kaeni kimya dakika kumi chumbani mwandike mnachosikia: kijiwe cha bodaboda, shule inapotoka mapumziko, mashine ya kusaga, adhana, mazoezi ya kwaya. Vyote vina ratiba, jipangeni nayo. Chumba chenye kuta za saruji tupu kinarudisha mwangwi. Tandikeni mkeka, ning'inizeni mablanketi mawili nyuma ya kamera, godoro lisimame upande mmoja. Mwishoni wote nyamazeni, mrekodi dakika nzima ya chumba kitupu. Mhariri ataihitaji kuziba mapengo kila anapokata.

Picha: fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa mwanga kuingia kwa kila fremu) 1/50. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na ukirekodi fremu 30 kwa shata 1/60 chini ya taa za LED za bei nafuu au tyubu, utaona mistari inatembea ukutani. Kamera na simu zote ziwe kwenye fremu 25. Simu zina ugonjwa mmoja: kiwango cha fremu hubadilikabadilika chenyewe, kwa hiyo dakika ya 40 midomo na sauti vimeachana. Tumieni programu inayofunga fremu, au geuzeni faili zote kuwa kiwango kisichobadilika, kwa HandBrake kwa mfano, kabla ya kuanza kuhariri. Mkishaanza, umechelewa. Kila mnapobonyeza rekodi, pigeni kofi moja la viganja mbele ya kamera zote, ili mhariri alinganishe picha na sauti.

Taa hamhitaji, dirisha linatosha. Kiti kikae ubavuni mwa dirisha, si mbele yake wala nyuma yake, na mtu awe mita moja na nusu au mbili kutoka ukutani. Ukuta ukiwa mweupe, kamera ya oto itapunguza mwanga na uso mweusi utakuwa kivuli kisicho na macho. Pimeni mwanga usoni, mfunge hapo, ukuta ukizidi mwanga kidogo si neno. Shuka jeupe upande wa kivuli linarudisha mwanga vizuri. Balbu ya dari zimeni, rangi mbili za mwanga usoni hazirekebishiki kirahisi.

Hesabu ya hifadhi: kwa 100 Mb kwa sekunde, saa moja ni GB 45. Watu sita kwa saa moja na nusu ni kama GB 405 kwa kamera moja, bila picha za mtaani. Nunueni diski mbili za TB 1, nakala ya tatu ikae nyumba nyingine. Kadi isifutwe hadi mmefungua kila faili mwanzo, katikati na mwisho kwenye diski zote mbili.

---

mchumi_wa_kijiji

Hamjagusa pesa. Watu sita hao wataacha biashara zao, na nyinyi mtapata sifa kwenye matamasha. Walipwe.

---

mama_simulizi

Walipwe siku yao, simulizi isinunuliwe. Nauli, chakula, na kiasi kinacholingana na kipato cha siku alichoacha. Kiasi kiwe kilekile kwa wote sita, kijulikane, na kitolewe kabla kamera haijawashwa. Kikitolewa baada, mzee anaweza kudhani kinategemea alivyolia. Mkipeana tofauti kimyakimya, ndani ya wiki wote watajua na mradi umekwisha.

---

mchumi_wa_kijiji

Na filamu ikiingiza fedha?

---

mama_simulizi

Iandikwe kwenye makubaliano mapema kwa lugha rahisi: asilimia ngapi, inakwenda wapi, nani anasimamia. "Tutaona mbele ya safari" ndiyo sentensi inayozaa ugomvi.

---

karani_wa_vibali

Upande wa sheria, kwa Tanzania Bara.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu ya kuonyeshwa kwa umma, na filamu ikikamilika inapitiwa na kupangiwa daraja kabla ya maonyesho. Ofisi husika ni Bodi ya Filamu. Andaeni muhtasari wa kurasa mbili, orodha ya wahusika wa uzalishaji, maeneo na tarehe. Ada zitazameni kwenye kanuni zinazotumika sasa, msitegemee aliyelipa miaka mitatu iliyopita. Mkienda kurekodi Zanzibar, kuna utaratibu wake kupitia BASSFU, baraza la sanaa na filamu la kule. Kibali cha Bara si pasi ya kule.

Kibali hicho hakifungui geti la bandari. Bandari na vyombo vya majini vina uongozi wake na ulinzi wake. Barua ya kuomba ruhusa iende kwao mapema, ikieleza siku, saa na idadi ya watu. Mtaani, pitieni ofisi ya serikali ya mtaa na mwenyekiti ajue mpo. Droni iacheni kama hamna ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa filamu hii hata haihitajiki.

Ridhaa. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 inafanya kazi, na habari za afya ya mtu ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Manusura akieleza maumivu, dawa au matibabu ya akili, mnashika taarifa nyeti. Karatasi ya mistari mitatu yenye "nakubali kurekodiwa" haitoshi. Itengeni kwa matumizi, kila moja na ndiyo au hapana yake:

– kurekodiwa na kuhifadhiwa;
– kuonyeshwa kwenye mikutano na matamasha;
– kurushwa kwenye televisheni;
– kuwekwa kwenye intaneti, ambako hakuna kurudi;
– vipande kutumika kwenye matangazo ya filamu;
– kukabidhiwa maktaba au chuo kwa utafiti.

Wekeni tarehe ya mwisho ya kujitoa, kwa mfano wiki mbili baada ya mhusika kuona filamu ilivyohaririwa. Karatasi isomwe kwa sauti, na asiyesoma aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye, si mmoja wenu. Kurekodi ridhaa hiyo kwenye video ni vizuri ila hakuchukui nafasi ya karatasi. Na ombeni ridhaa mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya kurekodi. Kabla, mtu hajui atasema nini.

Jambo jingine: watakaotajwa. Msimulizi akisema fulani ndiye aliyesababisha vifo, hilo ni dai dhidi ya mtu, na nyinyi ndio mtakaolirusha. Kata jina, au bakizeni lile tu ambalo limo kwenye kumbukumbu za mahakama au uchunguzi rasmi.

---

kijana_wa_ziwani

Asanteni sana wakuu. Limezuka suala. Mmoja kati ya sita anakubali kusimulia ila hataki sura wala sauti vijulikane. Majirani zake wa sasa hawajui kama alikuwemo, na anataka ibaki hivyo. Tulifikiri tumrekodi kawaida halafu tuweke ukungu usoni wakati wa kuhariri. Inatosha?

---

fundi_mawimbi

Haitoshi. Faili halisi lenye uso wake litabaki kwenye diski, kwenye kadi, kwenye kompyuta ya mhariri, na siku kompyuta ikipelekwa kwa fundi mmekwisha. Mfiche tangu kwenye kurekodi.

Njia ya kwanza ni kivuli: mtu mbele ya dirisha lenye pazia jepesi, mwanga upimwe dirishani, uso uwe gizani kabisa. Halafu hakikisheni kwenye kompyuta kwa kupandisha mwanga wa picha hadi mwisho. Pua na mdomo vikianza kuonekana, hamjamficha. Hata ubavu wa uso kwenye kivuli unatambulika na wanaomjua, kwa hiyo akae mgongo nusu. Njia ya pili, ambayo naipendelea, ni kutomwonyesha kabisa: rekodini sauti tu, na picha ziwe za ziwa, njia, mikono ya mtu mwingine akifanya kazi ambayo si ya msimulizi wenu.

Sauti kufanywa nzito kwa programu si kinga, mtu anaweza kuirudisha karibu na ilivyokuwa, na ndugu hutambua namna ya kuongea hata sauti ikiwa nzito. Andikeni maneno yake, msomaji mwingine ayasome, na filamu iseme wazi kwamba anayesikika ni msomaji. Sauti ya awali ifutwe kwa tarehe mliyomwahidi.

Kisha tafuteni vinavyomtaja bila jina: kovu, pete, kiti kinachojulikana mtaa mzima, picha ya harusi ukutani, idadi ya watoto waliofariki, jina la kijiji. Watoto watatu na kijiji kimoja vinatosha mtu kumjua. Kwenye simu zimeni rekodi ya mahali kabla hamjaanza, kwa sababu video inabeba ramani ya nyumba yake ndani ya faili.

---

mhariri_usiku

Nimesoma yote, naongeza ya mezani.

Saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita kuandika neno kwa neno pamoja na muda wa kwenye video. Mna saa tisa za mahojiano, pangeni wiki mbili za watu wawili. Programu za kuandika zenyewe zinajitahidi kwenye Kiswahili cha habari, lakini mzee akichanganya Kisukuma, Kihaya na Kiswahili kwenye sentensi moja zinabuni maneno. Kila mstari usikilizwe tena na mtu.

Chapisheni maandishi, mkate kwa mkasi au mpake rangi, mpange filamu mezani kabla ya kugusa Resolve. Dakika 25 zikiwa na maneno mfululizo zinabeba kama maneno 3,000, na hamtaki mfululizo. Lengeni 1,800 hadi 2,000. Watu sita kwa muda huo ni wengi. Wawili au watatu washike filamu, wengine waje kwa dakika moja au mbili mahali wanapojua jambo ambalo wenzao hawajui. Waambieni hilo mapema, mtu asialike ukoo mzima kuja kujiona kwa sekunde arobaini.

Kihaya: anayehoji awe Mhaya, mahojiano yaende moja kwa moja. Mkalimani wa kukatiza kila sentensi anaua simulizi. Tafsiri ifanyike baadaye, na mtu wa pili aipitie akiwa anasikiliza sauti, kwani watafsiri wengi hulainisha maneno makali na kuruka marudio kwa adabu. Marudio ya mtu mwenye uchungu yabaki. Maandishi ya chini: mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, isipungue sekunde 1 wala kuzidi 7. Vitenzi vyetu ni virefu, "hawakutuambia" peke yake ni herufi 13, kwa hiyo fupisheni maana bila kubadilisha nani alimfanya nani nini. Faili la maandishi hayo (SRT) lihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Na msimsahihishe mtu Kiswahili chake kwenye maandishi. Alivyosema ndivyo aandikwe.

Picha za zamani: mwaka 1996 televisheni ya taifa ilikuwa haijaanza Tanzania Bara, ITV ilikuwa na miaka miwili tu hewani. Kwa hiyo msitegemee kukuta video nyingi. Kumbukumbu nyingi ni za redio, yaani RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) ambayo nyaraka zake ziko TBC, shirika la utangazaji la taifa, na magazeti kama Uhuru na Daily News. Zote zina wenyewe, na picha iliyozagaa WhatsApp ina mpigaji. Ombeni kwa maandishi. Msitumie picha za maiti. Wapo watu mtaani kwenu watakaomtambua aliyelala pale.

Albamu za familia ndizo hazina yenu. Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inawapa pikseli kama 2,360 kwa 3,540, mnaweza kuisogelea bila kuvunjika. Skanini na nyuma ya picha, tarehe na majina huandikwa huko. Msiondoke na picha halisi. Skani palepale nyumbani.

---

msoma_nyaraka

Kuhusu namba, kuweni waangalifu. Uwezo wa meli unaotajwa ni abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana idadi za waliokufa hutofautiana, nyingine zinakaribia 900, nyingine zinafika 1,000. Msichague moja mkaipa sauti ya msimulizi kana kwamba imehesabiwa. Andikeni kwamba daraja la tatu halikuwa na orodha, mtazamaji ataelewa mwenyewe.

Hapo ndipo nawaona na kazi ambayo vyombo vya habari havikuifanya. Wale wawili waliopoteza ndugu, muulizeni kila mmoja ndugu yake alisafiri daraja gani. Kama ni la tatu, filamu yenu huenda ikawa mahali pa kwanza jina hilo linaandikwa pamoja na safari ile. Jina kamili, herufi sahihi, lithibitishwe na familia.

Suala la meli iliyopinduka kutobolewa wakati wa uokoaji litajitokeza karibu kwa kila atakayehojiwa. Wengi husimulia kwamba hewa ilitoka na meli ikazama zaidi. Aliyekuwa pale aeleze alichoona na alichosikia. Maelezo ya kwa nini chombo kilichopinduka huelea, na hutokea nini hewa ikipata njia, yatoke kwa mhandisi wa meli. Msichanganye hizo sauti mbili kwenye uhariri, yaani msikate kutoka kwa bibi anayelia kwenda kwa mhandisi kana kwamba amemthibitisha. Na wahusika wakipingana kuhusu saa au upande meli ulioinamia, acheni wapingane.

---

kijana_wa_ziwani

Tumenakili kila kitu. La mwisho: tukimaliza tuwaonyeshe vipi wenyewe? Tulifikiri kuwatumia WhatsApp kila mmoja aone kwa nafasi yake.

---

mama_simulizi

Hapana mwanangu. WhatsApp itaibana picha, na muhimu zaidi, kabla jioni haijafika itakuwa kwenye makundi ya ukoo huku tarehe ya kujitoa haijapita.

Nendeni nyumbani kwa kila mmoja na kompyuta na spika, siku tofauti, kabla ya kuwakutanisha. Mwanzoni mwelezeni kipande chake kinaanza dakika ya ngapi na kuna picha gani za zamani, asishtukizwe. Mwulizeni mambo matatu: kuna kilichokosewa, kuna kitakachomletea matatizo, kuna ambacho hataki wajukuu wakisikie. Yaandikeni palepale. Kosa la ukweli sahihisheni. Hatari kwake kateni bila kubishana. Akisema tu kwamba ameonekana mzee, cheka naye na umweleze kwa upole.

Baada ya hapo ndipo onyesho la mtaa. Wao wakae mbele, na waamue wenyewe kama watajibu maswali ya watu au la. Yule wa kujificha msimwalike kwa jina wala kumtumia usafiri wenu mlangoni. Mkipeleka kwenye matamasha kama ZIFF, lile la filamu la Zanzibar, someni masharti kwanza, kwa sababu baadhi ya matamasha hayachukui filamu iliyokwisha wekwa wazi mtandaoni. Kwa hiyo YouTube isubiri.

---

fundi_mawimbi

Na onyesho la mtaa likiwa nje, anzeni saa 1 na nusu usiku, kabla ya hapo shuka la kuonyeshea halionekani kitu. Spika mbili ziwe mbele, usawa wa masikio ya watu waliokaa. Jaribuni maandishi ya chini mkiwa mstari wa mwisho wa viti. Kama hamsomi, ongezeni ukubwa kabla ya kutoa faili la mwisho.